Kaburi Lenye Mgogoro

Nimeingia kwenye kikao cha Baraza la Madiwani mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili nilikwenda kwa ajili ya mtoto aliyekuwa ameshakufa. Nilitaka atolewe kaburini kabla ziwa halijamfikia. Sikuomba barabara, sikuomba kisima, wala sikuomba kibanda cha biashara stendi. Niliomba mifupa ya mwanangu ipandishwe mlimani, basi. Ukilisema hivyo linaonekana jambo dogo, na huenda ndiyo maana liliwapa shida.

Mwanangu alikufa maji. Alikuwa wa pili kuzaliwa, kijana mrefu mwenye kelele, aliyeacha shule akaniaibisha mimi mwalimu mbele ya walimu wenzangu, akaenda kuvua dagaa. Siku hiyo alitoka na rafiki yake, mtoto wa jirani yangu. Jirani huyo alikuwa mama aliyekimbia kutoka Burundi zamani, familia yake ikapukutika njiani na kambini mpaka akabaki na huyo kijana mmoja. Upepo uliwapindulia chombo. Tulikaa ufukweni mimi na yeye tukingoja ziwa liwarudishe, hatuli, hatuongei, mpaka wavuvi wa Ilagala walipowaokota karibu na mdomo wa mto Malagarasi wakatuletea wamefunikwa turubai moja. Watu walituambia tumshukuru Mungu. Niliwachukia kwa kusema vile, lakini walikuwa na haki, kwa sababu ziwa letu ni refu kwenda chini na wengi haliwarudishi.

Kijijini kwetu aliyekufa maji hapitishwi katikati ya nyumba. Anazikwa pale pale ufukweni, kwenye safu ya peke yake pembezoni mwa makaburi, mbele kabisa, karibu na maji. Wazee wanasema akipitishwa kijijini atawaita wengine. Mimi nilifundisha sayansi darasa la sita miaka mingi, na sikubishana nao. Ukiwa na maiti mbele yako huna nguvu ya kubishana na mtu. Tukawazika alasiri ile ile, bega kwa bega, kwenye mikeka iliyofanana na shuka za duka moja, maana hazikuwapo nyingine.

Kaburi la aliyekufa maji halijengewi saruji. Mama wa marehemu hukata tawi la mnyaa kwenye ua wa nyumba yake, akalichomeka kichwani mwa mwanawe. Mnyaa hauna makuu, unashika popote, hata mchangani. Baada ya mwaka unakuwa mti wenye vidole vingi vya kijani, na kila mama anaujua wa kwake kwa jinsi ulivyojipinda. Wa kwangu uliinamia upande wa machweo. Nilikuwa nikienda Jumapili baada ya ibada, nang'oa majani, namsimulia habari za nyumbani, namgombeza kidogo kwa kuacha shule, halafu narudi kupika. Hivyo ndivyo nilivyoishi naye, na ningeendelea hivyo mpaka kufa kwangu kama ziwa lisingepanda.

Sihitaji kumweleza mtu wa Kigoma jinsi ziwa lilivyopanda miaka hii. Lilianza na mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa, likafuata mchanga tunaoanikia dagaa, likaingia kwenye nyumba za mbele, zikabaki kuta zimesimama majini na madirisha yake. Kila mtu alikuwa na kitu alichokuwa akikilinda. Mimi nililinda safu ile. Nilikwenda asubuhi kuangalia ukingo umefika wapi, na kila nilipokwenda ulikuwa umesogea.

Diwani wetu nilimfundisha mimi darasa la tatu. Alikuwa mwimbaji mzuri na mvivu wa hesabu, na sijaona kwamba udiwani umebadilisha lolote kati ya hayo mawili. Lakini ana moyo. Nilipomwendea alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, hili nalipeleka Barazani. Na wewe uje ukae nyuma, waone kwamba lina wenyewe."

Nikaenda. Wananchi wanaruhusiwa kusikiliza, ila hawaruhusiwi kusema. Nilikaa kwenye benchi la nyuma ukumbini, nikawaona waheshimiwa wamevaa majoho kwenye joto lile, jasho linawatiririka, kila mmoja na chupa yake ya maji. Ikasomwa sala. Zikasomwa taarifa za kata, moja baada ya nyingine, madarasa, vyoo, mbegu za michikichi, mpaka nikaanza kusinzia. Makaburi yetu yalipofika, diwani wangu alisimama akaongea vizuri, kwa sauti ile ile ya kwaya. Mwenyekiti akauliza nani ameyaona. Hakuna aliyekuwa ameyaona. Baraza likaazimia kwamba kamati iende ikajionee yenyewe, ihesabu makaburi yaliyo hatarini, ilete taarifa. Nilipiga makofi. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani yake, na askari wa mlangoni akanionya kwa kidole. Sikujali. Nilirudi nyumbani siku ile nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu.

Baada ya hapo niliitwa Mwandiga kumuuguza dada yangu. Huko ndiko nilikokuwa kijiji kilipofanya kazi yake ya kujitolea.

Mtu wa mbali anaweza kudhani kulikuwa na adui, na naapa hakukuwa na adui yeyote. Kwetu mgeni akija unafagia. Akiwa mgeni mkubwa, unafagia na uani. Mtendaji wa kijiji alipopata simu kwamba kamati ya madiwani inakuja kuona makaburi, alitangaza msaragambo, na watu wakatoka kwa wingi wasiotoka nao hata kwa kazi ya shule. Walikuja na majembe na mapanga. Walifyeka nyasi, walisawazisha matuta, walichoma takataka. Na minyaa ilikuwa pale mbele kabisa, mahali mgeni angeanzia kutembea, imesongamana, imekaa kama pori. Isitoshe kila mtu anajua kwamba utomvu wa mnyaa ukikuingia jichoni unaweza kukupofua. Nani alitaka mheshimiwa apofuke kwenye makaburi yetu? Wakaing'oa yote, wakaichoma.

Mama wa waliozikwa pale walikuwapo. Jirani yangu alikuwapo, na jembe lake. Nilipomuuliza baadaye aliniambia alidhani atakumbuka. Kila mmoja alidhani atakumbuka. Mama gani asahau alipomlaza mwanawe?

Nilirudi nikakuta eneo limefagiliwa kama uwanja wa nyumba ya harusi. Hapakuwa na tuta, hapakuwa na jani. Kulikuwa na makaburi machache ya saruji upande wa juu, yamepakwa chokaa, na huku mbele mchanga mtupu wenye mistari ya mifagio. Nilisimama pale nikapiga kelele mpaka watoto wa shule wakakimbia kuja kuona. Mtendaji alikuja anahema, akaniambia, "Mwalimu, si tumepasafisha? Kamati imetusifu sana." Na kweli walisifiwa. Kamati ilikuwa imekuja siku mbili kabla yangu, ikatembea na viatu safi, na mheshimiwa mmoja alisema hajawahi kuona makaburi yaliyotunzwa namna ile. Wakahesabu walichokiona. Walichokiona kilikuwa saruji.

Nilimtukana Mtendaji siku hiyo. Alisimama akayapokea matusi yote, maana mama yake mdogo naye alikuwa kwenye safu ile.

Mara ya pili nilipokaa kwenye benchi la nyuma nilijua nakwenda kusikia nini. Mwenyekiti wa kamati alisoma taarifa: kijiji kina makaburi yanayotambulika, idadi yake ni hii, yahamishiwe eneo jipya mlimani chini ya usimamizi wa afisa afya. Ikaishia hapo. Diwani wangu akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna mengine." Akaeleza habari ya minyaa. Baadhi ya waheshimiwa walicheka, si kwa ubaya, nadhani ni kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kipuuzi kweli, watu kufagia wafu wao wakapotea. Mimi mwenyewe ningecheka kama lingekuwa la kijiji kingine.

Wakajadili. Niseme haki, walijadili kwa muda mrefu na wengine kwa huruma. Mmoja alisema Serikali haiwezi kuchimba ovyo ikitafuta watu. Mwingine akakumbusha kwamba kwenye mradi fulani wa barabara koo mbili zilipigana kwa mapanga, kila moja ikidai kaburi ni lake ili ipate kifuta machozi. Mwisho ikapatikana njia ya katikati. Makaburi ya saruji yatahamishwa. Yasiyo na alama yatahamishwa pale tu ndugu atakapoonyesha mahali mbele ya Mtendaji, na asiwepo mtu mwingine wa kupinga. Na kaburi lenye mgogoro lisiguswe. Hayo maneno ya mwisho yalirudiwa mara mbili ili yaandikwe sawasawa.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ukumbi mzima ulisema ndiyo. Niliisikia na sauti ya diwani wangu humo ndani. Naijua tangu ana miaka tisa.

Nilimngojea nje chini ya ukuta. Alikuja na joho mkononi, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Sikuitikia. Nikamuuliza kwa nini amesema ndiyo kwa kitu kama kile, wakati anajua safu nzima haina alama na mama wawili wakikosana kwa hatua moja tu basi wote wamekosa.

"Ningekataa hicho kipengele, Mwalimu, lote lingerudi kwenye kamati," alisema. "Kamati ikae, ilete taarifa, Baraza lijalo. Ziwa lingetungoja?"

Nikamwitikia marahaba yake tukaagana.

Halafu tukangoja, kwa sababu azimio ni azimio na mafuta ya gari ni jambo jingine. Afisa afya alikuwa na kazi za kipindupindu sehemu nyingine. Kibali kilikuwa kinasubiri sahihi. Mvua zilikuja. Ukingo ulimeguka kwa vipande vikubwa, na mvua nayo ikachimba korongo likashuka kutoka juu hadi majini, likapita katikati ya safu. Tuliokota vitu ufukweni ambavyo sitaviandika. Mtendaji alikuwa akipita alfajiri na gunia kabla watoto hawajaamka, akizika tena alichokiokota, na kwa kazi hiyo nilimsamehe yote.

Siku ya kuhamisha walikuja afisa afya, kijana mpole mwenye glavu na bomba la dawa mgongoni, na wachimbaji aliowakodi. Walianza na ya saruji. Kila familia ilipokea wake kwenye shuka nyeupe, ikaimba, ikapanda naye mlimani. Ilipofika zamu yetu ya mbele, tulikuwa tumebaki mama wachache. Safu ilikuwa imeliwa pande zote. Pale tulipowalaza wale vijana wawili, kati ya ukingo na korongo, kilibaki kipande cha ardhi cha kumtosha mtu mmoja.

Nilikuwa nimepima. Nilianzia kwenye pembe ya kaburi la katekista, nikashuka moja kwa moja kama nilivyokuwa nikishuka kila Jumapili. "Hapa," nilimwambia afisa afya.

"Hapa ni kwangu," alisema jirani yangu. Yeye alianzia kwenye kisiki cha mchikichi. "Huyu ni uwanje, ni wangu, Mwalimu. Wako alikuwa kule, kwenye shimo."

"Aliyekuwa kule ni wako. Wangu alilala upande huu."

"Ni uwanje."

Tulisimama pale tukibishana, wanawake wawili tuliokwisha kuzika pamoja, kulia pamoja, kusaga pamoja, tukinyoosheana vidole juu ya mchanga. Nilimwambia yeye ndiye aliyefyeka na jembe lake, kwa hiyo anyamaze. Akaniambia mimi nilikuwa Mwandiga nakula wali. Wachimbaji waliegemea majembe yao wakatazama pembeni.

Afisa afya akatuita kando. "Mama zangu," alisema, "mimi natekeleza azimio la Baraza. Kama nyote wawili mnadai, siruhusiwi kuchimba. Itabidi tuliache hivi lilivyo." Sote tuliangalia maji. Yalikuwa yanapiga chini ya miguu yetu, na kila yakipiga mchanga ulidondoka kidogo.

Ndipo jirani yangu alipokaa chini. Hakulia. Alishika mchanga kwa mikono yote miwili. "Mwalimu," alisema, "wewe mama yako unajua alipolala. Mume wako unajua. Wangu wote niliwaacha njiani, mmoja huku, mmoja kule, sijui hata walifunikwa na nani. Huyu tu ndiye nilijua mahali pake. Sina mwingine hapa duniani wa kusema yuko pale."

Nilimchukia kwa maneno hayo, kwa sababu yalikuwa kweli na sikuwa na ya kushindana nayo. Nilimchukia pia mwenyekiti na miwani yake, na diwani wangu na ndiyo yake, na ufagio wa kila mtu kijijini. Halafu nikasema, "Chimbeni. Si wangu."

Afisa afya akaniomba niseme tena, kwa sauti, Mtendaji asikie. Nikasema mbele yao wote kwamba sina dai kwenye kaburi lile, na kwamba mwanangu ameshachukuliwa na ziwa. Nilitamka kila neno kama nilivyokuwa nikiwasomea watoto imla.

Hawakuchimba sana. Mchanga ulikuwa umepungua juu yake. Walikuta mabaki ya mkeka, na yule kijana akashuka mwenyewe na glavu zake, akaanza kutoa mfupa mmoja mmoja na kuuweka kwenye shuka. Jirani yangu alikuwa amefunika uso wake kwa kitenge, akiomba kwa Kirundi. Mimi sikufunika.

Mwanangu alianguka kwenye ngazi za kanisa akiwa darasa la pili, akavunjika jino la mbele. Lilikatika mshazari, likabaki hivyo mpaka ukubwani, na lilikuwa linamfanya aonekane anacheka hata anapokugombeza. Afisa afya alipoinua fuvu, akaligeuza kulipangusa mchanga, niliona jino lile.

Nilijua nikifungua mdomo nini kitatokea. Ungekuwa mgogoro. Angerudisha mifupa chini, angefukia, angeandika, angeondoka na gari lake, na kabla ya Jumapili ziwa lingekuwa limemla. Kwa hiyo nilifunga mdomo. Nilikamata pembe moja ya shuka, jirani yangu akakamata nyingine, tukapanda naye mlimani. Alikuwa mwepesi kuliko alipozaliwa. Njia nzima yule mama alikuwa akinishukuru, na tulipomaliza kuzika, baada ya msalaba kusimamishwa na jina la mwanawe kuandikwa kwa rangi, alinishika mikono akanipa pole kwa mwanangu ambaye ziwa lilimchukua mara ya pili. Nikaipokea.

Miaka iliyofuata tulikuwa tukipanda pamoja kupalilia. Yeye aliimba, mimi niling'oa majani. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba nina moyo, mtu asiye na kaburi kuhudumia kaburi la mwenzake. Nilikuwa nikimjibu kwamba vijana wale walikuwa marafiki, na hilo lilikuwa kweli. Usiku wa manane nimewahi kutamani kumwambia. Lakini ningemwambia ili nipate nini? Angebaki na ziwa, na mimi nilishajua jinsi lilivyo kubwa.

Alifariki kiangazi kilichopita, kwa kifua. Aliomba azikwe ubavuni mwa mwanawe. Hakuwa na ndugu wa kusimamia, kwa hiyo wachimbaji walinijia mimi, jirani, kuuliza achimbiwe upande gani. Nikawaonyesha kulia. Upande wa kushoto nimewakataza wasiuguse, na watoto wangu nimeshawaambia ni wa nani.